Lipeni Shimo Kwanza, Baiskeli Tutaendesha Baadaye

Video yangu ya baiskeli kule bonde la Ruhr, Ujerumani, ndiyo mmeitazama kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuposti. Ni dakika moja na nusu tu. Mto, nyasi, bata. Wazee wenye mvi wananipita kwa baiskeli za umeme bila hata kutoa jasho. Mnara wa mgodi wa zamani unachungulia nyuma ya miti. Halafu mimi nimekaa juu ya ukuta na aiskrimu, miguu inaning'inia, na mwisho kabisa nimeandika kwa herufi kubwa za manjano: KIMWARER, TUNAWEZA!

Mkaishea. Mkamwita gavana. Kuna mmoja alichora hadi ramani: baiskeli kutoka Iten, kushuka Tambach, kupita Biretwo, mpaka kwa mashimo ya floraspa ya Kimwarer, na pale kwa shimo kubwa akaweka hoteli na ziwa la kuogelea. Watu wakasema kaunti impe kazi.

Sasa nimerudi kuwaambia kwamba yale maneno ya manjano yalikuwa uongo. Sikutunga kitu, lakini niliwaonyesha sahani nikaficha jikoni. Na kwa vile wengi wenu mmeanza kuniuliza mradi unaanza lini, kama vile mimi ndiye serikali, wacha niseme yote.

Kwanza njia yenyewe, maana sitaki mtu aseme nimeionea wivu. Ni tamu. Inaitwa RuhrtalRadweg, ina urefu wa kama kilomita 240. Inaanzia kwenye chemchemi ya mto Ruhr karibu na mji wa Winterberg, milimani, kama mita 670 juu ya usawa wa bahari, na inaishia Duisburg pale Ruhr inapoingia mto Rhein, chini ya nguzo ya chuma ya rangi ya chungwa yenye urefu wa mita 25. Ukianzia juu, wewe kazi yako ni kushuka na maji. Mimi nilichukua siku nne. Mwenye haraka anaweza kumaliza kwa siku chache zaidi, lakini mwenye haraka alienda kufanya nini huko?

Siku mbili za kwanza ni misitu, ng'ombe, na miji midogo ya nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi. Hauoni dalili ya makaa ya mawe. Ukichoka unapanda treni na baiskeli yako, kuna nafasi yake kabisa, na hakuna makanga wa kukuambia ulipie viti viwili. Mteremko ni wa pole. Mara moja moja unapanda kidogo, unatusi kidogo, halafu unashuka tena.

Witten ndipo dada yangu aliponikuta. Ni mtoto wa mama mdogo, anasomea uuguzi Bochum, na alikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Akaniambia, "Leo nakupeleka shimoni, si eti unakuja kupiga picha za bata." Karibu na Witten kuna kabonde kanaitwa Muttental. Hapo makaa yalikuwa karibu sana na uso wa ardhi, na wenyeji wana hadithi kwamba mchunga nguruwe aliwasha moto wa kujipasha usiku, asubuhi akakuta mawe meusi ya chini bado yanawaka. Iwe kweli isiwe kweli, watu walichimba hapo kwa mikono kwa muda mrefu kabla ya mashine. Kuna mgodi mmoja, Nachtigall, ambao sasa ni makumbusho. Unavaa helmeti, unaingia kwenye handaki, unainama, na mzee mmoja wa makamo anakuonyesha tabaka la makaa kwa tochi. Handaki ni jembamba. Dada yangu alishika ukuta, akatazama kiganja chake cheusi, akanyamaza.

Mbele kidogo, penye magofu ya ngome ya Hardenstein, kuna kivuko kidogo kinakuvusha mto bila nauli. Ukijisikia unaweka kitu kwenye kisanduku. Tulivuka na familia moja yenye watoto watatu na mbwa. Kisha Hattingen, ambako tanuri kubwa la chuma limesimama kama mzimu wa kutu. Lilizimwa mwaka 1987, na mji mzima uliingia barabarani kupinga, maelfu kwa maelfu, kwa sababu kiwanda kile kilikuwa kimewalisha tangu 1854. Leo unalipia tiketi unapanda juu yake kuona mandhari. Kisha Essen na ziwa la Baldeney, mashua za matanga, na juu kilimani Villa Hügel, nyumba ya ukoo wa Krupp, matajiri wa chuma. Nyumba ya vyumba 269. Hapo ndipo nilipokula ile aiskrimu. Hapo ndipo video ilipokwisha.

Hiki ndicho sikukionyesha.

Yule mzee wa handakini, tukitoka, alimwambia dada yangu kitu kwa Kijerumani, naye akanitafsiria bila kuamini vizuri. Migodi imefungwa, lakini pampu hazijafungwa. Na hazitafungwa. Ukichimba ardhi miaka 150 na zaidi, unaiacha ikiwa na matundu kama sponji, na maji yanaanza kupanda. Yakiachwa, yatafika kwenye maji ya kunywa. Halafu kuna maeneo ya mkoa ule yalididimia kwa sababu ya uchimbaji, mengine kwa mita 20 na zaidi, na mito haiwezi tena kutiririka yenyewe kutoka huko. Bila pampu, mitaa ya watu inakuwa ziwa. Kwa hiyo wanapampu. Mchana, usiku, Krismasi. Hapo Essen, mtaa wa Überruhr, kuna kisima cha mgodi wa zamani uitwao Heinrich ambako maji ya chini yanavutwa na kumwagwa Ruhr. Nilipita karibu yake nikipiga mluzi.

Wana neno lao la gharama hizi, na maana yake ni gharama za milele. Si za miaka kumi, si za awamu ya pili ya mradi. Milele. Mwaka 2007 walipokubaliana kuacha kabisa kuchimba makaa yale magumu, walianzisha wakfu, unaitwa RAG-Stiftung, ukapewa mali ya kuzalisha pesa, hasa hisa kwenye kampuni kubwa ya kemikali. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na kipande cha mwisho cha makaa akakabidhiwa Rais Steinmeier mkononi. Tangu 2019 ule wakfu ndio unaolipa. Zaidi ya yuro milioni 200 kila mwaka. Pigeni hesabu kwa shilingi wenyewe, mimi kichwa kiliniuma.

Na wachimbaji? Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilikuwa na zaidi ya watu 600,000 kwenye migodi ya makaa. Wengine baadaye walikuja kutoka Uturuki, baada ya mkataba wa kazi wa 1961, wakazeeka hapo. Migodi ilipofungwa mmoja mmoja, kanuni ilikuwa kwamba mchimbaji hatupwi nje hivi hivi. Huyu anahamishiwa mgodi mwingine, yule anastaafu mapema, mwingine anafundishwa kazi mpya. Ilichukua miongo mingi na mabilioni ya pesa za umma.

Sasa hesabu na mimi mfuatano. Kwanza watu. Pili maji. Tatu, mbali huko, ndiyo njia ya baiskeli, ambayo ilifunguliwa 2006 ikiwa na mabango mazuri. Ziwa la Baldeney lenyewe, watu walipigwa marufuku kuogelea kwa zaidi ya miaka 40 kwa sababu maji hayakuwa salama. Ni 2017 tu ndipo waliporuhusiwa tena, tena sehemu moja. Mimi nimekuja 50 na kitu baada ya mazishi, nimekuta chakula kiko mezani, nikasema, aisee, kumbe kupika ni rahisi.

Turudi nyumbani.

Desemba niliazima baiskeli ya rafiki Iten. Iten watu wanaijua kwa wakimbiaji, lakini pale kuna vijana wa baiskeli wa nguvu, na hata marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki 2022 akishindana Vermont, Marekani, alipitia timu ya pale pale. Nikashuka Tambach. Mnaoijua hiyo barabara mnajua: unatoka kwenye baridi ya mita 2,400 na jaketi, kona baada ya kona, breki zinanuka, na ukifika Biretwo umeshavua kila kitu isipokuwa aibu. Chini ni joto, migunga, mbuzi, na maembe. Msimu ulikuwa umeanza. Mama mmoja aliniuzia matano, akanipa la sita, akasema "Chamgei" na kucheka jinsi nilivyojibu.

Nikaelekea kusini. Kusema ukweli, njia ni nzuri kuliko ya Ruhr. Unaona ukuta wa Elgeyo upande mmoja umesimama kama umekatwa kwa kisu, na Tugen Hills upande wa pili, na katikati Kerio inajiendea zake kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Vumbi lipo. Mawe yapo. Lakini ukitaka kuendesha polepole ukiangalia dunia, hakuna mahali pengine Kenya ningekupeleka kwanza. Kwa hiyo msiniambie sipendi wazo.

Kisha nikafika Kimwarer.

Floraspa ni jiwe la rangi rangi, zambarau, kijani, jeupe. Linatumika kuyeyushia chuma, kutengeneza alumini, na kupata asidi ya floridi ambayo viwanda vinaitumia kwa gesi za friji na mambo kadhaa ya jikoni kwako. Lilichimbwa hapo tangu miaka ya 70, likapandishwa ukuta wa bonde kwa malori, likaenda Mombasa, likaenda duniani. Mwaka 2016 bei ilikuwa imeanguka na kazi ikasimama. Mwaka 2018 mkataba wa kukodi ardhi ukaisha. Kampuni ikaondoka. Nyumba zikabaki, mashine zikabaki kwa kutu, na mashimo yakabaki mahali yalipo.

Na watu wakabaki. Familia zilizokuwa na ardhi pale kabla ya mgodi ziliondolewa, na bei ambayo kila mtu anaitaja, mpaka kwa vikao vya bunge, ni shilingi 450 kwa ekari. Mia nne hamsini. Wengi wanasema hata hiyo hawakuiona. Hii si stori ya mtandaoni. Ni kesi na kamati na vikosi kazi vya miaka nenda miaka rudi.

Mzee niliyekaa naye nje ya duka, chini ya mti, sitamtaja kwa sababu hakuniomba nimtaje. Aliniuliza nimetoka wapi na kile kibaiskeli chembamba. Nikamwonyesha video ya Ruhr kwa simu. Akaitazama yote, kimya, mpaka kwa maneno ya manjano. Akasema, "Hii Kimwarer umeandika hapa ni hii yetu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Na hao wazee wa baiskeli, shamba lao liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. Akasema watu wanakuja. Wanakuja wa serikali, wanakuja wa mashirika, wanakuja wa kura, sasa wameanza kuja wa kamera. Wote wanapiga picha shimo. "Kijana, shimo letu limepigwa picha mpaka limechoka. Wewe utalipwa ngapi kwa hii?"

Nilimwambia ukweli, kwamba video ile ilinipa kitu, si kikubwa, lakini kitu. Akatikisa kichwa kama mtu ambaye amethibitisha hesabu.

Basi nimekaa na hilo, na nimesoma tena komenti zenu, na kuna mambo nataka tubishane.

Wengi mnasema utalii ndio utakaoleta hizo pesa: tengeneza njia, wageni waje, watu walipwe. Hapana. Hata Ruhr hailipwi hivyo. Njia ya baiskeli inauza kahawa, keki, vitanda na mipira ya magurudumu. Haiendeshi pampu hata moja. Pampu zinalipwa na hisa za kampuni ya kemikali. Kama Ujerumani yenye barabara, treni na wastaafu wenye pesa haiwezi kulipia mashimo yake kwa kahawa, sisi tutalipia yetu kwa maembe na chapo? Ukimwambia mama wa Kimwarer asubiri watalii ndio alipwe ardhi yake, umemwambia ajilipe mwenyewe deni analodai.

Mwingine akaandika, "Ujerumani ni matajiri, usilinganishe." Sawa, ni matajiri, na utajiri huo kwa sehemu ulitoka shimoni. Lakini hakuna mtu Kimwarer anayeomba yuro milioni 200 kwa mwaka. Wanaomba orodha ya majina, hatimiliki, na malipo yanayofanana na bei ya ardhi. Wanaomba mtu mwenye vifaa apime maji na kuwaambia majibu kwa lugha wanayoelewa. Hiyo si gharama ya milele. Hiyo ni gharama ya mwaka mmoja wa fedha ambayo imeahirishwa kama miaka 50. Pesa ya kupoteza tunayo tukitaka. Bonde hili hili liliahidiwa mabwawa mawili, Arror na Kimwarer, yakatuachia kesi kortini na stori za kuvunja moyo.

Halafu kuna nyinyi wa "usituharibie raha, kuwa pozitivu." Hapa nitasema na wenzangu wa kazi. Tumezoea. Ofisi fulani inatupigia simu, inatuma gari, inatupa fulana na kofia, tunalala hoteli, tunaposti machweo. Nimeenda safari kama hizo, na fulana bado ninalalia. Hakuna hata mara moja nilipoulizwa niongee na mwenye shamba. Na sikuuliza. Tunageuza kila kidonda kuwa mandhari, kisha tunashangaa mwenye kidonda akitukunjia uso. Ukifika mahali penye mgodi uliofungwa ukatoa droni kabla ya kutoa salamu, wewe si mtalii wala si mwanahabari. Wewe ni mchimbaji wa pili, na unatoka na kitu chako bila hata hiyo 450.

Tena msidhani nawauzia Wajerumani kama malaika. Walipofunga migodi yao migumu waliendelea kununua makaa kutoka nje, Colombia, Urusi, Afrika Kusini, kwa hiyo vumbi halikuisha, lilihamia kwenye mapafu ya mtu mwingine. Katika jimbo hilo hilo, Januari 2023, polisi waliwaondoa waandamanaji kijiji cha Lützerath ili kampuni ichimbe makaa laini ya chini yake. Na ukitoka kando ya mto uende Gelsenkirchen utakuta ukosefu wa kazi ambao ni miongoni mwa mbaya zaidi nchini mwao. Dada yangu ana wagonjwa wazee waliokuwa chini ya ardhi, wanahema kama wanavuta hewa kwa mrija. Villa Hügel iko juu, na wao wako wodini. Lakini angalau hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba bango la baiskeli ni fidia.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba saa imeshaanza kuhesabu mahali pengine. Kwale, uchimbaji wa titani ulisimama Desemba 2024. Familia zilihamishwa kule pia ili mchanga uchimbwe. Na nimeshaona video mbili za wenzangu: "Kwale, mgodi ugeuke kivutio!" Muziki mzuri, droni juu ya mchanga mwekundu. Jamani. Wacheni kwanza watu waone ardhi inarudi ikiwa na nini. Sheria ya Madini ya 2016 ilisema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale. Ilizungumzia pia dhamana ya pesa ya kurekebisha ardhi baada ya uchimbaji. Badala ya kuniuliza mimi baiskeli zitakuja lini, ulizeni hiyo kumi iko kwa akaunti ya nani. Mpeleke hilo swali kwa mbunge mkiwa wengi vile mlivyokuwa wengi kwa video yangu.

Serikali nayo ilikuwa ikitafuta mwekezaji mpya wa kufufua floraspa. Mimi si adui wa kazi. Vijana wa pale wanataka kazi na wana haki. Lakini uchimbaji ukirudi kabla ya deni la kwanza kulipwa, litafukiwa chini ya deni la pili, na mjukuu wa yule mzee atakuwa chini ya mti ule ule akionyeshwa video na kijana mwingine.

Mtu akiniuliza njia nzuri ya Kerio ingefananaje, nina majibu, na si ya gharama. Sitaki hoteli ndani ya shimo. Sitaki mtu aogelee kwenye maji ambayo hatujui yana nini. Mashimo yawekwe uzio, yapimwe, matokeo yabandikwe ofisi ya chifu. Orodha ya wenye ardhi itangazwe na imalizwe. Baada ya hapo, murram iliyosawazishwa vizuri inatosha. Kivuli na maji kila baada ya kilomita kadhaa. Kituo cha fundi wa baiskeli, kijana wa Biretwo mwenye vipuri, si kontena lililopakwa rangi likifunguliwa siku ya uzinduzi tu. Mwenye kuongoza wageni kwenye mgodi awe aliyefanya kazi mgodini, kama yule mzee wa Nachtigall, na alipwe mshahara, si posho ya soda.

Na njia iwe ya wenyewe kwanza. Kitu kimoja ambacho watu hawakukiona kwenye video ile ni kwamba wengi niliokutana nao Ruhr hawakuwa watalii. Walikuwa wanatoka dukani. Mama ana mkate kwenye kikapu, mtoto anatoka shule, jamaa anaenda zamu. Starehe yangu mimi mgeni ilikuwa imepanda mgongoni mwa matumizi yao ya kila siku. Kerio baiskeli ipo tayari, blakimamba imebeba maembe, imebeba mtungi, imebeba mgonjwa. Mtengenezee huyo barabara pana salama pembeni ya malori, na mimi na jaketi langu la Nairobi tutapata pa kupita bila shida.

Ile video sijaifuta. Nimeondoa maneno ya manjano tu, na mahali pake nimeweka sekunde kumi za maji meusi yakitoka kwa bomba, ambazo dada yangu alienda kunipigia. Watazamaji wamepungua. Sawa.

Nilipokuwa naondoka Kimwarer jua lilikuwa limeanza kulegea, na nilikuwa na ukuta wote wa Nyaru wa kupanda, yaani kusukuma. Yule mzee alisimama, akashika usukani wa baiskeli yangu, akauliza kama inaweza kumbeba. Nikamshikilia kiti. Akazunguka uwanja wa duka mara moja, goti moja nje, kofia mkononi, watoto nyuma yake wakipiga kelele. Aliposhuka aliipapasa kiti, akanirudishia.

"Ni kigumu," alisema. "Wewe unakaaje hapa siku nzima?"